Mkristo wa Tudor ampeleke wapi mwanawe? Uamuzi wa shule wahitaji hesabu na hekima

Na MWANDISHI WETU

KABLA ya jua kuchomoza vyema juu ya hori la Tudor, kisiwani Mombasa, barabara za mtaa huo huwa zimeshajaa watoto waliovalia sare za kila rangi. Wapo wanaotembea kwa miguu kuelekea shule za umma, wapo wanaosubiri basi la shule kando ya barabara, na wapo wanaopakiwa kwenye tuktuk wakiwa wamebanana, mikoba mapajani.

Kwa mzazi Mkristo ambaye mwanawe ametimu miaka minne, msafara huo wa kila asubuhi huzua swali lisilo na jibu moja. Mtoto huyu aanzie wapi?

Swali hilo lina uzito wa aina yake Mombasa. Hapa Mkristo na Mwislamu ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Watoto wao hucheza pamoja, hualikana futari wakati wa Ramadhani na pilau siku ya Krismasi. Kisha jioni ifikapo, watoto wa Kiislamu huchukua juzuu zao wakaenda chuoni, naye mzazi Mkristo akabaki akijiuliza ni wapi mwanawe atakapofunzwa imani yake kwa bidii kama ile.

Tuchukue mfano wa mume na mke wenye watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka sita. Baba ni karani, mama anauza mitumba katika soko la Kongowea. Wote wawili ni waumini wasiokosa ibada ya Jumapili. Wanataka watoto wao wasome, wapate alama nzuri, na zaidi ya yote wakue wakimcha Mungu.

Mbele ya wazazi kama hao ipo milango minne. Wa kwanza ni shule ya umma iliyo karibu na nyumbani. Wa pili ni shule inayomilikiwa au kufadhiliwa na kanisa. Wa tatu ni shule ya kibinafsi isiyo ya kanisa, zikiwemo zile zilizoanzishwa na Waislamu lakini zinazopokea watoto wote. Wa nne, ambao umezungumziwa sana katika miaka ya karibuni, ni kuwasomesha watoto nyumbani.

Kila mlango una faida zake na gharama zake. Makosa ya wazazi wengi ni kuuchagua mlango kwa kusoma maandishi yaliyo juu yake, bila kuchungulia ndani.

SHERIA YASEMAJE?

Ni vyema kuanza na sheria, kwani ndiyo inayoamua mzazi ana uhuru wa kiasi gani.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha mwanawe ameandikishwa shuleni na anahudhuria masomo. Anayepuuza wajibu huo bila sababu ya maana anaweza kushtakiwa.

Sheria hiyo hiyo inakataza shule za umma kutoza karo ya mafunzo. Aidha, inapiga marufuku mtihani wa kumchuja mtoto anapotafuta nafasi katika shule ya umma, isipokuwa pale unapotumika kujua kiwango kinachomfaa. Adhabu ya viboko pia imeharamishwa.

Chini ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, mtoto husoma miaka miwili ya shule ya awali, yaani PP1 na PP2, kwa kawaida akiwa na miaka minne na mitano. Huingia Gredi ya Kwanza akiwa na miaka sita, akasoma hadi Gredi ya Sita, kisha miaka mitatu ya sekondari msingi na mitatu ya sekondari pevu. Mtihani wa KCPE, ambao wazazi wengi wa leo waliufanya, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026.

Hapa pana jambo ambalo huwachanganya wazazi. Elimu ya shule za awali imekabidhiwa serikali za kaunti na Katiba, ilhali shule za msingi zimo mikononi mwa serikali kuu na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu. Mpango wa elimu ya msingi bila malipo ulioanza Januari 2003 haukuwahusu watoto wa chekechea. Kwa hiyo, mzazi wa mtoto wa miaka minne asishangae akiambiwa alipe kitu hata pale ambapo kaka yake aliye Gredi ya Kwanza halipi karo.

SOMO LA DINI LIPO HATA SHULE YA UMMA

Hofu kubwa ya wazazi Wakristo kuhusu shule ya umma ni kwamba mtoto atakaa humo mwaka mzima bila kusikia jina la Mungu wake. Hofu hii haina msingi mkubwa.

Mtaala wa Kenya una somo la dini tangu madarasa ya chini kabisa, nalo limegawanywa katika matawi matatu, yaani dini ya Kikristo, dini ya Kiislamu na dini ya Kihindu. Wakati wa somo hilo, kila mtoto husoma tawi la dini yake. Isitoshe, ratiba ya shule hutenga kipindi cha malezi ya kiroho, kinachofahamika na wengi kwa ufupisho wa PPI, ambapo wahubiri na walimu wa dini huweza kukutana na wanafunzi wa imani yao.

Katiba nayo, katika Kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri na dini. Hakuna anayeruhusiwa kumnyima mtu nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, wala kumlazimisha kutenda kinyume cha imani hiyo.

Hata hivyo, kilichoandikwa katika ratiba si lazima kiwe ndicho kinachotendeka darasani. Shule yenye upungufu wa walimu inaweza kukosa mwalimu wa kutosha wa somo la dini, na kipindi cha malezi ya kiroho kikageuzwa kuwa cha kumalizia kazi ya hisabati. Mzazi aulize: ni nani anayefundisha dini ya Kikristo hapa, na ni nani huja siku ya PPI? Jibu la mwalimu mkuu litamwelimisha mzazi kuliko bango la lango la shule.

Kwa upande wa pili, shule iliyo na jina la mtakatifu langoni si lazima iwe ya Wakristo watupu. Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za wamishonari chini ya usimamizi wa serikali, makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Sheria ya 2013 inampa mfadhili jukumu la kukuza maisha ya kiroho ya shule, lakini papo hapo inamtaka ahifadhi imani ya wanafunzi wa dini na madhehebu mengine.

Mvutano huo umewahi kufika mahakamani. Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule moja ya sekondari katika Kaunti ya Isiolo, lilipinga wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu pamoja na sare ya shule. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana hao kuivaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo, kwa msingi wa utaratibu uliotumika kuliwasilisha dai lenyewe. Mzazi Mkristo anayetafuta shule ya kanisa aelewe kwamba mwanawe huenda akaketi dawati moja na mtoto wa jirani Mwislamu, na kwamba mtoto huyo ana haki zake pale.

MOMBASA NI MWALIMU WA ZAMANI

Historia ya Mombasa yenyewe ina mengi ya kuwafunza wazazi hawa.

Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Katika miezi michache tu alimzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 aliungana na Johannes Rebmann, wakafungua kituo cha misheni Rabai. Lakini elimu ya kanisa haikushika mizizi kwa kazi ya Wazungu peke yao. Miongoni mwa waliofunza na kuhubiri Rabai kuanzia miaka ya 1860 walikuwa Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakapelekwa India na kusomeshwa huko Nasik, kisha wakarejea Afrika Mashariki. Wenyeji waliwaita Wabombei.

Mwaka 1875 ukaanzishwa mji wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele yake ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni. Watoto wa Freretown walisomeshwa na kanisa, na mmoja wao, James Mbotela, akawa mwalimu na mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934. Kwa jamii ile iliyong'olewa makwao, shule ya kanisa ilikuwa nyumba, ukoo na riziki kwa pamoja.

Hapo hapo Tudor pana ushahidi wa upande mwingine. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopewa hadhi hiyo mwaka 2013, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kikiwa taasisi ya elimu ya Kiislamu, iliyojulikana kwa ufupisho wa MIOME, yenye lengo la kuwapa vijana Waislamu ujuzi wa ufundi. Baadaye kikawa chuo cha ufundi cha wote, na leo vijana wa kila dini hupita langoni mwake.

Shule za Mombasa, basi, nyingi zilizaliwa na dini lakini zimekua kuwa za mji mzima. Mtoto anayelelewa Tudor ataishi, atafanya kazi na atafanya biashara na watu wa imani zote. Kuwajua tangu utotoni ni sehemu ya elimu yake, na mzazi asiihesabu kuwa hasara.

HESABU YA KARO

Baada ya imani huja mfuko. Hapa ndipo nia njema za wazazi wengi huvunjika.

Shule ya umma hutegemea fedha za serikali. Mpango wa mwaka 2003 ulianza kwa Sh1,020 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na kiwango hicho kilipandishwa baadaye hadi Sh1,420. Ni fedha kidogo. Ndiyo sababu mzazi wa shule ya umma bado hununua sare na vifaa, na mara kwa mara huombwa michango.

Aidha, mpango huo ulipoanza, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Madarasa yalifurika, na wazazi wengi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao katika shule za kibinafsi. Tangu hapo, katika miji mingi, shule ya kibinafsi imekuwa kama alama ya mzazi anayejali. Dhana hiyo imewaingiza wengi katika madeni.

Hebu tupige hesabu. Tuseme shule ya kibinafsi yatoza Sh20,000 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ni Sh60,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Kuanzia PP1 hadi Gredi ya Tisa ni miaka 11, yaani Sh660,000. Kwa watoto wawili ni Sh1,320,000, kabla ya sare, vitabu, chakula, basi la shule na nyongeza ya karo ambayo hukosi kuiona kila baada ya miaka michache.

Familia yetu ya karani na muuza mitumba yaweza kumudu mwaka wa kwanza, na pengine hata wa tatu. Swali ni mwaka wa saba, biashara ikizorota au mmoja wao akiugua. Mtoto anayefukuzwa karo mara kwa mara hukosa masomo na huumia moyoni. Anayehamishwa katikati ya safari hupoteza marafiki, walimu na mazoea. Shule ya wastani anayodumu nayo huenda ikamfaa kuliko shule ya kifahari anayoiacha nusu njia.

Umbali nao una gharama yake. Shule iliyo ng'ambo ya daraja la Nyali humlazimu mtoto wa miaka minne kuamka gizani na kukaa kwenye msongamano wa magari kwenda na kurudi. Saa hizo mbili zingeweza kuwa za usingizi, za mchezo, au za hadithi ya Biblia pamoja na mamaye.

NYUMBANI, AU SHULENI?

Janga la corona lilipozifunga shule zote nchini Machi 2020, wazazi wengi walijikuta walimu bila kutaka. Watoto wa madarasa mengi hawakurejea hadi Januari 2021. Baadhi ya wazazi, wengi wao wakiwa Wakristo wenye msimamo thabiti, walivutiwa na elimu ya nyumbani wakaiona kuwa njia ya kudumu.

Wanaofuata njia hii hutumia mitaala ya kigeni, ukiwemo ule wa ACE ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970, ambapo mtoto hujisomea kijitabu kimoja baada ya kingine na mafunzo ya Biblia yamefumwa ndani ya kila somo.

Mvuto wake waeleweka. Mzazi hujua kila neno analofunzwa mwanawe. Lakini mlango huu ndio wenye hatari kubwa ya kisheria. Sheria ya 2013 inazungumzia kuhudhuria shule, na wazazi waliokwenda Mahakama Kuu kutaka elimu ya nyumbani itambuliwe walishindwa mwaka 2021. Familia inayoifikiria njia hiyo yafaa ipate kwanza ushauri wa wakili.

Pana suala la kiutendaji pia. Tathmini za kitaifa huendeshwa kwa nambari ya mwanafunzi aliyesajiliwa, na usajili huo huhitaji cheti cha kuzaliwa na shule inayotambuliwa. Mtoto asiye katika mfumo anaweza kutatizika sana siku mzazi atakapobadili nia.

Isitoshe, elimu ya nyumbani humtaka mzazi mmoja awepo kila siku, mwenye subira na ujuzi. Kwa familia ambayo mama yuko Kongowea tangu alfajiri, ni ndoto.

MAMBO YA KUCHUNGUZA

Mzazi atakayekwenda kuizuru shule, na ni lazima aende, aangalie haya.

Kwanza, usajili. Shule ndogo zilizo katika nyua za makanisa na vyumba vya kupangisha ni nyingi mitaani. Baadhi hufanya kazi nzuri. Hata hivyo, mzazi ana haki ya kuonyeshwa cheti cha usajili wa shule na kujua iwapo walimu wamesajiliwa na tume yao.

Pili, mwalimu wa darasa la chini. Mtoto wa miaka minne hamjui mwalimu mkuu wala mmiliki. Anamjua mtu mmoja anayempokea asubuhi. Je, mtu huyo huwaita watoto kwa majina? Hukaa shuleni kwa miaka, au kila muhula huja mwingine?

Tatu, lugha. Sera ya mtaala inataka madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha inayotumika eneo la shule, na kwa mtoto wa Mombasa lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Shule nyingi za kibinafsi hukimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza, na wazazi hufurahi. Ajifunzaye kusoma kwa lugha anayoielewa huishika kazi ya kusoma mapema zaidi, kisha huihamishia katika lugha nyingine. Mtoto atakayesoma Kiswahili vyema pia ndiye atakayeweza kuisoma Biblia ya nyumbani kwao.

Nne, nidhamu. Shule inayojisifu kwa fimbo, hata ikiwa inasali mara tatu kwa siku, inavunja sheria.

Tano, kesho ya mtoto. Je, shule hii ina sekondari msingi katika uwanja wake, au atalazimika kutafutiwa nafasi nyingine baada ya Gredi ya Sita? Tangu 2023 madarasa hayo yamewekwa katika shule za msingi, lakini si kila shule iliyo na walimu na maabara za kutosha.

FUNZO KUTOKA KWA JIRANI

Pengine jibu la swali la imani liko ukuta wa pili. Kwa vizazi vingi Mwislamu wa Mombasa amempeleka mwanawe shule asubuhi na chuoni jioni au mwisho wa juma. Hata alipoamua kuanzisha shule jumuishi zinazounganisha yote mawili, hakuacha kumwamsha mtoto kwa sala ya alfajiri. Hakulitua jukumu la imani mabegani mwa mwalimu wa hisabati.

Mkristo naye anavyo vyombo vyake: shule ya Jumapili, mafundisho ya katekisimu, na meza ya chakula cha jioni. Vyombo hivi havitozi karo. Tatizo ni kwamba wazazi wengi hudhani wakishalipia shule ya Kikristo wameshalipia na malezi. Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hawakusema umsomeshavyo.

Kwa wazazi wetu wa Tudor, basi, hesabu huwa nyepesi kidogo wakizitenga kazi hizi mbili. Shule waipime kwa mwalimu wake, umbali wake na karo wanayoweza kuilipa hata mwaka ukiwa mbaya. Iwapo shule ya kanisa itapita mizani hiyo, heri. Iwapo itakayopita ni ya umma iliyo mwendo wa dakika kumi, watoto hawatakuwa wamepotezwa. Dakika zitakazookolewa barabarani na fedha zitakazobaki mfukoni zinaweza kurudi nyumbani, ambako somo la kwanza la imani limekuwa likifunzwa tangu zamani.

Jioni, mtoto wa jirani atatoka na juzuu lake kwenda chuoni. Mwana wa Mkristo naye awe na mahali pa kuketi, kitabu cha kufungua, na mzazi wa kumsomea.